Birika la Bi Shufaa

Bi Shufaa wa Langoni
amelazwa mchangani,
nami nina neno ndani,
ni habari ya birika.

Wamesema wenye vyeo
juu ya maendeleo;
nusu yao hata leo
kwake hawajapafika.

Mimi nilipafikia
usiku, nikaingia
jikoni, nikanyatia,
nikatoka na birika.

Unga, si wa maandazi,
niliuita mzazi,
ukanikosesha kazi
na aibu ikatoka.

Birika lake la shaba,
urithi toka kwa baba,
niliuza mia saba
kwa mnunuzi wa taka.

Asubuhi nimelala
gatini, kama jalala,
inzi wakinitawala,
nikaona anafika

na kile kikapu chake,
faili za watu wake,
na mwavuli, fito zake
mbili zimeshakatika.

Nikajua leo jela,
au fimbo, au ndala.
Akanena: "Ushakula?
Twende, chai yachemka."

Nikaingia jikoni,
si tena kwa dirishani,
nikaona li mekoni
lavuma, lile birika!

Alilikomboa, mia
tisa zilizotimia,
na neno hakunambia
ila, "Sukari waweka?"

Kikombe cha kwanza kile
sikuacha unga pale.
Msidanganywe na ndwele,
huaga na kugeuka.

Mara tatu nilirudi
kwa sindano na baridi,
mara nne akarudi,
goti limeshateguka.

Foleni ya zahanati
alikaa nami kati,
akidarizi kwa dhati
kofia, huku acheka.

Si mimi tu. Mwulizeni
Mwana Kupi wa Wiyoni,
alotolewa nyumbani
eda haijakatika.

Kwa kadhi alisimama
saa, siku, hata juma;
ufunguo leo mama
shingoni ameuweka.

Na watoto wa Hidabu
wasojulikana babu,
vyeti vyao kwa hesabu
mkononi wakashika.

Alikuwa na hasira:
diwani, siku za kura,
alikuja na bendera,
fagio likamfyeka.

Na chai yake, jamani,
sukari hadi menoni!
Ukikataa, machoni
moshi waanza kufuka.

Na sukari hiyo hiyo
ikala mguu, moyo,
naye hakuacha mbiyo
hata juzi kaanguka.

Likipitishwa jeneza
kichochoroni, nawaza
nani atanikataza
bega langu likishika.

Famau, yule nduguye,
aliyenipiga yeye,
kasogea pembeniye,
nafasi akaniweka.

Alikuwa si mzito,
kama kubeba mtoto;
begani nahisi joto
kama kando ya birika.

Birika kaniwachia,
wosia kaandikia:
"Mpeni aloingia
usiku akalitaka."

Leo hitimani, mtu
kaniibia viatu.
Namjua, ni wa kwetu,
gatini ndiko hufika.

Samahani, ninakwenda
peku, jua lishapanda.
Huenda akanishinda.
Motoni liko birika.