Wazoaji wa Maji

Maji yakimwagika hayazoleki.
Aliyesema hivyo hajawahi kushika zamu ya usiku
hapa Melnkrasti, mji wetu wa Latvia, watu elfu sita na kitu,
ambako kilichomwagwa jikoni saa mbili
hutufikia sisi saa nne,
kikifuka mvuke, kimebeba habari.

Tunawajua kuliko mchungaji anavyowajua.
Mkesha wa Pasaka maji huja na wekundu wa maganda ya vitunguu:
mayai yamekwisha kutiwa rangi.
Usiku wa Jāņi, jua linapogoma kuzama, huja bia.
Na mechi ya hoki ikifika mapumziko
mshale wa kipimo unaruka:
mji mzima umesimama, umevuta maji,
umerudi kuketi.

Chujio la kwanza ni wavu wa chuma, na mimi, na reki.
Vitambaa vya kupangusia watoto,
visivyooza wala kuona haya.
Mwanasesere wa mkono mmoja.
Na mwaka juzi, meno ya bandia, safu nzima ya juu,
yananichekea.
Skaidrīte akayachemsha, akayatia kwenye kopo la jamu,
akabandika karatasi mlangoni pa duka:
MENO YAMEPATIKANA. MWENYEWE ANAJIJUA.

Skaidrīte. Kwa lugha yetu jina hilo lina wangavu ndani yake,
na yeye ana miaka thelathini na mmoja kwenye kinyesi.
Utani wote ameshausikia.
Hacheki tena, wala hanuni.

Siku yangu ya kwanza alinisogezea hadubini.
Tone moja la tope la kahawia,
na ndani yake vikengele vimesimama juu ya mabua,
vinafumbua, vinafumba,
vinakula tulichokikataa.
“Hii ndiyo mifugo yetu,” akasema.
“Malisho inayo tele. Inachodai ni pumzi.
Ikikosa hewa, zizi litalala,
na kitakachotoka hapa kwenda mtoni
kitatoka kama kilivyoingia.”

Januari umeme ulikatika.
Baridi nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.
Sikujua kelele za vipulizia zilikuwa kubwa kiasi gani
mpaka ziliponyamaza.
Birika kubwa likatulia. Povu likafa moja moja.
Jenereta nalo likagoma: dizeli imeganda
kama mafuta ya kondoo kwenye sahani iliyosahauliwa.

Skaidrīte akavua skafu yake ya sufu,
akaizungusha kwenye bomba la mafuta,
na mimi nikaleta maji ya moto kutoka jiko la gesi,
buli moja, buli la pili, la tisa,
vidole vikishikana na chuma.
Hakuomba Mungu. Alilitukana lile jenereta
kwa jina la babake mkwe.
Saa tisa na robo likakohoa.
Likakohoa tena.
Halafu birika likaanza kuchemka bila moto,
na Skaidrīte akaketi juu ya ndoo,
akalia kidogo, akasema ni moshi.

Mjini hakuna aliyeamka.

Aprili barafu ilipoachia,
alichota maji pale yanapotuaga,
akayainua kwenye gilasi dirishani
akasoma gazeti kupitia humo, matangazo ya vifo.
“Si ya kunywa,” akanionya, “usije ukajisifu.
Ni ya kurudishwa tu.”
Mto Vārtava ukayapokea
bila kugeuka kutazama nani kaingia.

Hatua mia mbili chini ya bomba letu
mzee Ilgvars alikuwa amesimama na buti zake hadi kiunoni.
Alituinulia samaki, madoadoa mekundu ubavuni,
akatucheka kwa mbali, kinywa wazi,
safu nzima ya juu.