Mang'amung'amu

Kabla ya sindano nawafundisha kuketi.
Wanashangaa. Mwaka wa nne huu, wameshapasua fizi,
wameshang'oa magego ya watu wazima wanaolia,
nami nawaambia: vuteni viti,
macho yenu yawe sawa na ya mgonjwa.
Anayekutazama kutoka chini
ameshajua nani mwindaji.

Hapa Cardiff mvua haipigi hodi.
Bwana Haydn Prosser ameingia nayo mabegani,
miaka thelathini na minne kwenye tanuri za chuma za Port Talbot,
mikono kama koleo,
na amekaa garini dakika arobaini akiutazama mlango wetu.
Jirani yake, Bi Glenys, ndiye aliyemtoa:
"Nilimwambia nitapiga honi mpaka aone haya."

Nauliza: tunataka alale?
Teilo anasema ndiyo.
Hapana. Pono ndiye hulala, umchokoe hana habari.
Sisi tunamtaka mtu wa alfajiri,
anayesikia birika likichemka
na hajali nani kaliteleka.
Kati ya lepe na macho.
Ukimwambia fungua kinywa, afungue.
Ukimwita jina, aitike.
Asipoitika, umevuka mpaka
na pasipoti yako haikufikishi huko.

Mared anafunga mkanda wa presha.
Klipu kidoleni, taa yake nyekundu: tisini na saba.
Teilo, mtoto wa mfugaji kondoo, anaupata mshipa mara ya kwanza,
halafu kidole gumba chake kinataka kumaliza kazi.
Pandikizi la mtu, anawaza, lataka pandikizi la dozi.
Naweka mkono wangu juu ya wake.
Miligramu moja.
Sasa toa gumba.
Sasa ngoja.

Sina mtihani mgumu kuliko dakika hizi.
Dawa inatoka kiwikoni, inapita moyoni, inapanda kichwani,
kwa mwendo wake,
na ukiifuata mbio utakuta umeipita.
Kwenye trei kuna kichupa cha dawa ya kumrudisha.
Kitazameni kila mara. Naomba msikiguse kamwe.

"Bwana Prosser, gusa pua yako."
Kidole kinapanda, kinazunguka, kinatua mdomoni.
Anacheka. Kope zimeshuka nusu,
kama mlango wa duka la mtu anayetaka kwenda kula.
Hapo, nasema. Mmeona? Hapo hapo. Usiongeze.

Ganzi bado iko mkononi mwa Mared
alipozungumza, hakuna aliyemuuliza:
"Walikuja shuleni na gari lao. Walinishika watatu.
Mmoja alikuwa mwalimu wangu wa hesabu."

Chumba kikanyamaza, ila mashine, ti, ti, ti.
Teilo akanitazama. Hilo halimo katika slaidi zangu.
Mared ndiye aliyejibu:
"Leo hashikwi mtu, Haydn. Ukitaka tuache, inua mkono."

Akauinua.

Tukaacha.

Alitaka tu kuona kama ni kweli.

Jino lilitoka saa tano na robo.
Saa tano na nusu akauliza, "Mtaanza lini?"
Dawa hii hutembea na ufagio nyuma yake:
imefagia pua, imefagia hesabu, imefagia mkono ulioinuliwa.
Tumebaki nayo sisi.
Fomu ya tathmini ina visanduku kumi na viwili
na nimevijaza vyote,
na sijapata pa kuliandika lile.

Bi Glenys anasomewa masharti:
asiendeshe gari, asiwashe jiko,
asitie sahihi karatasi yoyote mpaka kesho.
"Wala asinunue farasi?"
Wala farasi.

Koti la Bwana Prosser limefungwa upande,
kifungo cha pili katika tundu la tatu.
Teilo akapiga goti mbele yake,
akavifungua vyote,
akaanza upya kutoka chini,
kimoja, akangoja,
kimoja.