Nyuma ya Chozi

Jumapili, saa kumi na mbili na nusu,
tunakutana langoni mwa Bustani ya Mimea:
Pazi na lenzi yake ndefu kama mchi,
Kokushubira na daftari lake la majina ya ndege,
mimi na kamera ya mkono wa pili
ambayo betri yake huzima ikijisikia.

Tausi ametandaza mkia mbele ya mfagiaji.
Mfagiaji hana habari naye,
anafagia mpaka ukingoni mwa manyoya.
Pazi anapiga tausi. Kila mtu hupiga tausi.
Nampiga mfagiaji, naye anainua ufagio:
"Dada, futa hiyo. Sijachana."
Nafuta. Kazi hii nayo ina adabu zake.

Kunguru hatuwapigi. Wao ndio hutuchunguza,
tangu siku ile Kokushubira
alipoacha kitumbua juu ya benchi.

Kisha mjini, kwa miguu, shingo juu,
maana nyumba za kale za mji huu
huanzia juu ya vibao vya maduka.
Chini ni vocha, chaja, dawa ya mende;
juu, roshani ya mbao,
na mwaka ulioandikwa kwenye saruji,
tarakimu ya mwisho imemeguka,
kila mmoja wetu anaisoma anavyotaka.

"Kibali kiko wapi?" anauliza mlinzi.
"Cha kupiga ndege?"
"Ndege huyo yuko juu ya benki."

Februari, nyuma ya Mtaa wa Zanaki,
mkomamanga ulikuwa umeota ndani ya pipa
uani kwa Bi Gulbanu, matawi yakivuka ukuta.
Chozi alikuwa pale,
mdogo kuliko kidole gumba,
koo lake likibadilika rangi
kama petroli juu ya dimbwi.

Nyumba ilinikera.
Ukuta wa njano uliobabuka, nyaya, kaptula kwenye kamba.
Nikafungua tundu la lenzi hadi mwisho
nikaikoroga nyumba yote, ikawa uji.
Chozi peke yake akabaki, kila unyoya umehesabika.

Bi Gulbanu alitokeza dirishani:
"Mnapiga nini hapo?"
"Chozi, mama."
"Ahaa. Huyo halipi kodi."

Mwezi wa sita tukakuta mabati ya bluu.
Tulichungulia kwa zamu kwenye tundu la msumari:
shimo, maji ya kijani, koleo limelala.
Hata pipa halikuwepo.
Kokushubira alifungua daftari,
akalifunga bila kuandika.

Nilimpata Upanga, ghorofa ya nne, kwa mpwa wake.
Nilimpelekea picha, karatasi ya kung'aa, nimeigharamia.
Aliishika mbali, akaisogeza karibu.
Hakumtazama ndege.
Kidole chake kilipita juu ya bawa
kikaingia kwenye uji:
"Hili dirisha la jiko.
Hapa ngazi.
Na hii nyekundu..."
Nikasema ua la mkomamanga.
"Ndoo," akasema. "Ndoo yangu."

Akainamisha picha kwenye mwanga,
kana kwamba angeweza kumsogeza chozi kidogo
aone mlango.
"Huna nyingine? Ambayo ndege hayupo?"

Sina. Nilikuwa nazo arobaini na tatu,
zote za ndege yule yule, nyumba ile ile, ukungu ule ule.
Nilimpa zote. Alizipanga kitandani kama karata.

Sasa nafunga tundu, namba kumi na moja,
kila kitu kinaingia: bomba, nyaya, kaptula za watu.
Pazi anasema picha zangu zimechafuka,
chozi mwenyewe haonekani mpaka uoneshwe.
Namwambia chozi ana mabawa.

Leo mfagiaji amechana.
Amesimama wima kando ya benchi, ufagio begani.
Tausi ametupa mgongo, amenuna.
"Rudi nyuma kidogo," mfagiaji ananiambia,
"na ule ukuta utokee."
Narudi nyuma.
Nakanyaga kitumbua cha mtu.
Kunguru wanashuka.