Asilimia Sitini na Moja

Mchana napima karafuu za watu pale kituoni Wete.
Natia mkono guniani, navunja punje kwa ukucha:
hii kavu, hii mpeta, hii ina makonyo,
bwana, rudi nayo juani.
Usiku napima petroli yangu mwenyewe.

Korola nimeiegesha ubavuni mwa jiko,
boneti wazi kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.
Waya nimeupenyeza chini ya usukani,
ncha moja kwenye soketi, ncha ya pili kwenye laptopu
ambayo bila ya umeme wa ukutani haifiki dakika tano.
Nikizungusha ufunguo, bibi wa Kijapani ndani ya dashibodi
husema neno lake lile lile.
Miaka sita sasa, sijui ananilaumu nini.

Jedwali linafunguka:
mizunguko kwa chini, mzigo kwa mapana,
vyumba mia mbili na hamsini na sita,
na kila chumba na nambari yake,
kiasi cha petroli kwa pumzi moja ya hewa.
Waliozipanga walikuwa na baridi na barabara tambarare
na mafuta yasiyolala kwenye madumu.
Hawakukijua kilima cha Limbani,
wala gari lenye magunia manne na mama mkwe,
likikohoa gia ya pili, moshi mweusi nyuma,
watoto wakipiga kelele: "Karani anachoma karafuu!"

Fundi Shaame aliniambia: sisi ilikuwa bisibisi na sikio.
Robo mzunguko, sikiliza. Robo tena.
Wewe unatia spana kwenye akili,
na akili haina nati ya akiba.
Sikumjibu. Nakala ya zamani nilishaiweka pahala pawili,
na ya tatu kwenye simu ya Bikombo,
katikati ya picha za harusi.

Napunguza, si kwa pupa.
Tisini na sita iwe tisini na tatu,
na jirani yake naye kidogo,
pasibaki kizingiti baina ya chumba na chumba.
Ni mkono ule ule wa mizani:
punje, punje, mpaka sindano itulie.

Kisha, kwenye mizunguko elfu na mia mbili, nakuta kitu.
Nambari zinashuka kwa adabu, sabini na nne, sabini na mbili,
halafu moja imeruka: sabini na tisa.
Mashine haikosei mara moja tu.
Kuna mtu alipita humu kabla yangu,
akasikia jambo, akaongeza, akafunga mlango.

Naandika. Mstari wa kijani unatambaa.
Ishirini. Arubaini.
Usizime, usichomoe,
hili ndilo sharti lisilo na msamaha:
ukikatisha katikati, gari limekuwa banda la kuku.
Sitini na moja,
na Wete nzima ikazimika.

Bikombo hakuuliza. Alikwishatoka.
Akarudi na betri ya sola kichwani, inveta kwapani,
na mwenyewe Zuwena nyuma yake anapapasa ukuta:
"Haya, nimekaa kiza kwa ajili ya Korola.
Yenyewe inajua?"
Sabini. Themanini na mbili. Hakuna aliyepumua
isipokuwa feni ndogo ya laptopu.
Mia.

Nikazungusha ufunguo. Bibi akasema neno lake.
Injini ikashika, ikatulia.
Nikaenda nyuma, nikakinga kiganja kwenye silensa,
nikakinusa kama ninusavyo gunia.
Kavu.

Asubuhi Fundi Shaame akaegemeza bisibisi kwenye injini,
mpini sikioni, macho kafumba.
"Kanyaga. Kidogo. Hapo, hapo hapo, usiondoe mguu.
Kwenye elfu na kitu hivi. Pametulia kama maji ya mtungi.
Hapo ulifanya nini?"

Hapo, nikamwambia, sikugusa.