Bei ya Haraka

Ghorofa ya nne, Mtaa wa Wellington, Leeds.
Mvua inaandika kiooni kwa mwandiko mbaya.
Kazi yangu ni kuwalipa pensheni washonaji
waliokata suti za nusu ya Uingereza
kabla viwanda havijageuzwa fleti.
Elfu sita mia mbili na kumi na moja.
Nawajua kwa namba. Mmoja namjua kwa jina:
Bi Maureen Ackroyd, jirani yangu kule Harehills,
kidole gumba chake bado kina kovu la sindano.

Jumatatu, simu.
Hati fungani za serikali zimeanguka bei,
zile karatasi tulizoambiwa ni mwamba,
ambazo mtu huzinunua ili apate usingizi.
Waziri alisoma bajeti Ijumaa;
soko likairudia kuisoma wikiendi nzima
na halikuipenda.

"Ongezeni dhamana," ilisema sauti ya London,
"kabla ya saa kumi."
Si kwamba tulikuwa maskini.
Vitabuni tulikuwa na pauni milioni mia nane.
Mkuu wangu, Desmond Hirst, alivua tai yake,
akaikunja taratibu kama mtu anayejiandaa kuogelea,
akauliza swali la mtoto:
"Taslimu tunayo kiasi gani?"

Kwetu neno ni moja tu, ukwasi.
Mkwasi ni tajiri,
na Benki Kuu ikitangaza ukwasi umepungua
shangazi yangu wa Korogwe hudhani matajiri wamehama.
Siku hiyo nilimwona mkwasi asiye na ukwasi:
ana ghala la mahindi na anakufa njaa,
maana ufunguo uko kwa jirani,
na jirani naye ana ghala,
na ufunguo wake uko kwetu.

Tukauza.
Usidhani mtu huanza kuuza kibovu.
Kibovu hakina mnunuzi saa saba mchana.
Tuliuza kizuri, kile tulichoapa kutokukiuza,
na wenzetu wa Hull, wa Bradford, wa Cardiff
walikuwa wakiuza kilekile, saa ileile,
kila mmoja akimporomoshea mwenzake bei,
na bei ikiporomoka simu inalia tena.
Mlango mmoja, watu elfu, wala hakuna moto.
Moto ni mbio zao.

Thamani ni neno la wenye muda.
Aliyeharakishwa ana bei tu.

Jumatano Benki Kuu ikasema: nitanunua.
Neno moja. Hata haijafungua pochi vizuri,
bei zikainuka zenyewe, zikajipangusa vumbi
kama mlevi aliyejikwaa, akatazama huku na huku
kama kuna aliyemwona.
Desmond akavaa tai. Tukala keki ya Anoushka,
aliyetimiza miaka thelathini Jumatatu
na hakuna aliyekumbuka.

Magazeti yakasema mtikisiko umepita.
Mtikisiko haupiti, huhama.
Benki ikaifuta ofa yangu ya mkopo wa nyumba,
ile ya Crossgates, yenye mti wa peasi;
ikarudi wiki ya tatu na riba mpya,
nikaisoma nimesimama, nikaifunga bahasha.
Kreni ya ujenzi nyuma ya soko ikasimama
ikitazama kaskazini,
na hadi Januari ilikuwa inatazama kaskazini.
Kiwanda cha biskuti kikaahirisha tanuri jipya.
Craig, mjukuu wa Bi Maureen,
aliyeahidiwa kazi kwenye tanuri hilo,
amebaki na baiskeli, akipeleka chakula cha watu kikiwa moto.
Hakuna mchumi aliyempigia kumwambia
kwamba ile nukta iliyopungua kwenye ukuaji
ni yeye.

Bi Maureen pensheni yake aliipata Alhamisi,
peni kwa peni. Kitufe nilikibonyeza mwenyewe.
Jioni nikaenda kwake nikitaka kumweleza
jinsi ilivyokuwa karibu.
Alikuwa anakunja pindo la pazia.
"Mwezi huu mmewahi," alisema.
"Hata mngechelewa siku moja, nisingekufa."

Siku moja.
Nikamshikia taa
wakati anatafuta tundu la sindano.