Maelezo Yangu Kuhusu Dakika Kumi na Moja

Kwa Msimamizi wa Stesheni, Tanga.
Barua yako niliipokea Jumatatu,
nikaisomea barazani kwetu, Ngamiani, barabara ya kumi na tano,
bahasha nikafunikia chai isiingie nzi.
Umeuliza kwa nini. Najibu.

Treni hii ninyi mnaiita Mwendo wa Kaskazini.
Mitaani tunaiita Kiuno,
kwa jinsi inavyolalia kona bila kupunguza kasi,
mabehewa yakiinama
kama mwanamke anayejua ngoma imefika wapi.
Nyuma ya tiketi mmechapa: Waja leo, waondoka leo.
Msemo wetu wenyewe, mkatuuzia.
Sina ugomvi na hilo.

Ila Kiuno huinama kwa hesabu.
Siku tisa tulikaa darasani, na mimi niliandika:
behewa moja, viti sabini na viwili.
Kompyuta inaijua kona ya Pongwe kabla ya kuifikia,
inajua digrii, inajua sekunde.
Haijui kwamba Mwantumu Shekiondo amesimama
na trei tatu za mayai kifuani,
hana mkono wa kushikia.

Ilikuwa Ijumaa, kesho yake Idi.
Behewa la nne nililihesabu mara mbili
kwa kuwa mara ya kwanza sikujiamini.
Mia moja thelathini na tisa.
Watoto wawili juu ya rafu ya mizigo, wamelazwa kama mikeka.
Nyundo ya kuvunjia kioo iko nyuma ya godoro la Nyange,
godoro jipya, bado na nailoni yake,
anampelekea mama yake Mombo.
Chooni watu watano, mlango haufungi.

Nikashuka, nikachutama.
Siku zote ngazi ya mlango iko sawa na ukingo wa jukwaa,
unavuka bila kutazama chini.
Siku ile ilikuwa imezama vidole vitatu.
Nilivipima hivi: cha shahada, cha kati, cha pete.
Bendera ya kijani ilikuwa kwapani.
Ikabaki kwapani.

Matusi siyaandiki.
Mmoja alisema huyu hana kwao, ndiyo maana hana pa kuwahi.
Dereva Kiluvia alipiga honi, akachungulia,
akaniuliza kwa mkono.
Nikamwonyesha vidole vitatu.
Honi ikanyamaza.

Sasa nani ashuke?
Hapo sikuwa na mafunzo.
Kitabu kinataja idadi, hakitaji mtu.
Nilisimama mlangoni kama mdai, nikatazama nyuso,
na kila uso ulikuwa na mama yake Mombo.
Nyange alishuka wa kwanza, kwa hasira,
godoro likafagia kofia mbili.
Akafuata Mwantumu. Kisha wanne. Kisha kimya kirefu.
Kisha wengi.

Walishuka arobaini na mmoja.
Ukitoa, utaona: ishirini na sita waliondoka wamesimama.
Hili hukuniuliza, nalisema mwenyewe.
Nilichoka kutukanwa, nikainua bendera.
Kosa langu liko hapo,
haliko kwenye dakika.

Ngazi ilikuwa imepanda,
kidole kimoja tu chini ya ukingo.

Pongwe wakainama, wakainuka.
Hakuna aliyeanguka, hakuna gazeti lililoandika.
Ndicho kidhibiti changu, na najua hakishikiki:
huwezi kukibandika kwenye faili,
huwezi kukiwekea muhuri.
Dakika zina saa ukutani ya kuzitetea.
Kisichotokea kinatetewa na nani?

Walioachwa walilala jukwaani.
Mayai tuliyachemshia watoto kwa mlinzi.
Nyange alilala juu ya godoro la mama yake, ndani ya nailoni,
likilia kila akijigeuza, mpaka alfajiri.
Hajanisamehe. Tukikutana Mgandini hugeuza shingo.

Adhabu nitaipokea.
Naomba kitu kimoja, rangi ya kopo moja inatosha:
pigeni mstari mwekundu ubavuni mwa jukwaa,
vidole vitatu chini ya ukingo,
ili siku nisipokuwepo
hata mtoto aweze kuona.

Ni mimi,
Zaituni Semkiwa,
mhudumu, behewa la nne.