Herufi Nne

Kaseti ya njano iliandikwa michezo 9999.
Ilikuwa saba. Ukifika wa nane unarudi wa kwanza
umebadilishwa rangi ya suruali.
Tulilijua hilo tangu Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
bandani kwa Mzee Semhando, shilingi hamsini roho tatu,
kanga kuukuu dirishani jua lisipige kioo,
na bado kila mgeni tulimwapia
kwamba namba mia tano na kumi kuna gari linaloruka.

Hii ya kijivu haina uongo.
Mchezo mmoja tu, maandishi ya Kijapani,
jina tukalitunga wenyewe: Panga Mbili.
Ndani ina betri, bapa kama sarafu,
inayokumbuka ulipoishia hata ukizima,
hata ukihama nyumba,
hata ukizikwa.

Nimempelekea Mbelwa, kule Makorora.
Chumba chake kinanuka spiriti na risasi iliyoyeyuka.
Pedi zimening'inia ukutani kama pweza wa kuanikwa.
Kila kaseti ina kopo lake la maziwa, juu ya mchele mkavu,
maana hewa ya Tanga ina chumvi
na chumvi haichagui, bati au shaba.

"Mlikuwa mnapuliza?" akauliza, lenzi jichoni.
Tulipuliza. Nani hakupuliza?
Kumbe mate yetu ndiyo yaliyozaa kutu hii ya kijani.
Panya basi, sisi: tukiipuliza, tukiing'ata.

Betri inakufa, akasema, na ikifa inaondoka na yote.
Ukiing'oa mashine imezimwa, vilevile.
Dawa ni kuipasua ikiwa inawaka,
umeme wa ukutani ushike kumbukumbu mkononi
wakati betri ya kale inatoka na mpya inaingia.
Amefanya hivyo mara kumi na tisa.
Mara nne alipoteza.
Akanihesabia hizo nne kwanza.

Kisha akaenda kutazama Luku. Sifuri nukta saba,
na mita ni ya nyumba nzima.
Nikamsikia uani akigonga mlango wa mpangaji:
"Mama Chiku, naomba usipige pasi,
dakika kumi tu, kuna mgonjwa."

Nilishika tochi.
Moshi mwembamba, harufu kali,
friji ya mtu ikakohoa ng'ambo ya ukuta,
kioo kikapepesa, kikarudi.
Sikumbuki kama nilivuta pumzi.

ZUEN.
Mchezo unatoa nafasi nne, hauna ya tano.
Dada yangu alinuna siku nzima kwa A yake moja.
"Zuen ni dawa ya kikohozi," alisema,
akacheza hivyo hivyo,
mlango wa sita, funguo mbili, saa thelathini na moja,
wiki mbili kabla Bombo hawajamlaza.

Mbelwa amenakili kila kitu kwenye kompyuta yake.
Kilobaiti nane, akaniambia.
Picha moja ya simu yako ni nzito mara mia tatu.
Akataka niiache kaseti kwake, kopo lipo, mchele upo,
hapa haitaliwa na kitu.
Sikumjibu.
Nilikuwa namtazama yule mtu mdogo wa Zuena
amesimama mbele ya mlango, panga mbili mgongoni,
mabega yakipanda, yakishuka,
kama aliyeambiwa subiri hapo nakuja.

Nikabonyeza mara moja. Kitufe cha kulia.

Nje, sauti ya Mama Chiku:
"Nyie! Sare za watoto zina makunyanzi huku.
Mgonjwa anaendeleaje?"

Mbelwa akanigeukia, chuma cha moto bado mkononi.
"Mwambie karuka," nikasema.
"Karuka, katua pale pale."